Babu Alikuwa Keya: Namna ya Kuhakiki Madai ya Askari wa Zamani

Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wa Kiafrika waliopigana Afrika Mashariki katika vita ya kwanza chini ya kamanda wa Kijerumani Paul von Lettow-Vorbeck malimbikizo ya mishahara waliyoyadai tangu 1918. Inasimuliwa kwamba dirisha la malipo lilifunguliwa Mwanza, na wazee wapatao 350 wakajipanga. Wachache mno walikuwa na kile cheti walichopewa vita ilipokwisha. Wengine walileta kipande cha sare, kifungo, au mikono mitupu. Mlipaji akawaza, kisha akaagiza ufagio. Kila mzee aliitwa mbele, akakabidhiwa ufagio ule kama bunduki, akaamriwa kwa Kijerumani: weka begani, teremsha, toa heshima. Hakuna aliyekosea.

Watu hukisimulia kisa hiki kwa kucheka. Mimi nakishika kwa jambo moja: yule mlipaji hakumfukuza mtu kwa kukosa karatasi. Alitafuta ushahidi mwingine, ule uliokaa mwilini. Lakini mtihani wake ulikuwa na tundu kubwa. Mpagazi aliyebeba risasi kichwani kutoka Kilwa hadi mto Ruvuma hakuwahi kufundishwa kushika bunduki, na mbele ya ufagio ule angeonekana mwongo. Wapagazi wenzake wa upande wa Waingereza ndio waliotuachia jina la Kariakoo kule Dar es Salaam na Kariokor kule Nairobi, majina yote mawili yakitokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi.

Basi kama umeombwa kuhakiki madai ya askari wa zamani, iwe wewe ni mjukuu unayeandika habari za ukoo, mtendaji wa kijiji unayetakiwa kutia muhuri, au mwandishi wa habari uliyeletewa mzee wa kuhojiwa, kumbuka makosa ni mawili. Unaweza kumkubali tapeli, na unaweza kumkataa mkweli. La pili ni baya zaidi, maana tapeli akikataliwa ana shughuli nyingine za kufanya, ila mzee mkweli aliyekataliwa hurudi nyumbani na kufa na fedheha hiyo.

Anza na hesabu ya miaka

Kabla ya kugusa nishani au karatasi, shika kalamu upige hesabu. Kijana aliyekuwa na miaka 18 vita ya pili ilipokwisha Agosti 1945 alizaliwa 1927. Leo anakaribia karne au ameivuka. Kwa hiyo anayekuja mbele yako mara nyingi si askari mwenyewe. Ni mjane, mtoto au mjukuu, na habari alizonazo ni za kusikia. Mtu wa miaka 80 anayesema alipigana Bama (Burma, yaani Myanmar ya leo) katika vita ile amechanganya mambo, au amebeba hadithi ya baba yake akaifanya yake. Hilo la pili hutokea sana, na si lazima liwe utapeli. Mtoto aliyelelewa na simulizi za vita huamka siku moja anazisimulia kwa "nili" badala ya "ali".

Mfano mkubwa wa hesabu hii ni Idi Amin. Alipenda kusema kwamba alipigana Bama. Kumbukumbu za Waingereza zinaonyesha aliandikishwa jeshini mwaka 1946, Wajapani wakiwa wameshasalimu amri. Baadaye akiwa rais wa Uganda alijivika nishani alizojitungia, na ulimwengu ukacheka nishani zile ukasahau mwaka ule. Mwaka ndio uliokuwa ushahidi.

Hesabu hiyo hiyo inafaa kwa vikosi. King's African Rifles, ambayo wazee waliita KAR au Keya, iliundwa 1902. Vikosi vyake vya Tanganyika viligeuka Tanganyika Rifles uhuru ulipokuja 1961, vya Uganda vikawa Uganda Rifles 1962, na vya Kenya vikawa Kenya Rifles Desemba 1963. JWTZ, yaani Jeshi la Wananchi wa Tanzania, ilizaliwa rasmi tarehe 1 Septemba 1964, baada ya maasi ya askari ya Januari mwaka ule. Mtu akikuletea hati ya JWTZ iliyoandikwa 1962, huna haja ya kuuliza zaidi. Lakini mzee akisema kwa mdomo tu kwamba aliingia "JWTZ" mwaka 1962, mwache aendelee. Anatumia jina la leo kwa jeshi la jana, kama sote tunavyosema Tanzania tukizungumzia habari za 1950.

Sikiliza maneno yake

Kaa chini. Mpe mzee shikamoo yake, uulize hali ya mifugo, mvua na wajukuu, ndipo ufike kwenye vita. Daftari likitoka mapema, mzee ataanza kujibu kama yuko mahakamani. Usimtajie chochote unachokijua. Ukiuliza, "Babu, kule Bama ulipita Kalewa?" atakuitikia "Eee, nilipita," nawe utakuwa umejijibu mwenyewe. Uliza hivi: mlipanda meli wapi, mlishuka wapi, mlikula nini siku ya kwanza?

Aliyekwenda Bama na divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki alipitia Ceylon (Sri Lanka ya leo) kwa mafunzo, kisha mwaka 1944 akaingia bonde la Kabaw wakati wa masika ya huko, akashuka hadi mto Chindwin mwezi Desemba. Hatakupa majina haya kwa usahihi. Atakueleza matope yaliyomeza magari, vyakula vilivyodondoshwa na ndege, na vidonge vya malaria vilivyogeuza ngozi na macho kuwa ya manjano. Akikumbuka beji ya begani yenye kichwa cha kifaru, hiyo ndiyo alama ya divisheni ya 11. Mambo madogo ya mwili na tumbo hayatungiki kirahisi. Anayekusimulia mapambano tu, risasi juu ya risasi, bila njaa, bila kuhara, bila foleni ya posho, mtilie shaka kidogo.

Vyeo navyo husema. Babu aliyeitwa kijijini "Shaushi" au "Ombasha" huenda alikuwa askari wa Wajerumani, maana majina hayo, pamoja na Betshaushi, Sol na Efendi, waliyatumia wao kutokana na askari wa mwanzo waliotoka Sudan. "Sajini" na "koplo" ni za Mwingereza. Usiifanye sheria, kwa kuwa Uganda nayo ilikuwa na Wasudani wake, na neno efendi lilirudi tena ndani ya KAR miaka ya mwisho.

Kuna neno moja litakalokupoteza kama hujajihadhari, nalo ni hilo hilo "Keya". Katika familia nyingi kila aliyevaa kaki ya Mwingereza aliitwa Keya. Kumbe alikuwa dereva wa kikosi cha uchukuzi, mganga msaidizi, fundi wa simu, mpishi, au mtu wa Pioneer Corps, wale walioitwa Panyako sehemu za magharibi ya Kenya, waliotengeneza barabara na kuchimba mahandaki. Ukimtafuta mtu huyo kwenye orodha za KAR hutampata, utasema amedanganya, na kosa litakuwa lako. Bildad Kaggia, aliyekuja kuwa mmoja wa waliohukumiwa Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta, alikuwa jeshini Mashariki ya Kati na Uingereza bila kuwa mtu wa msituni Bama. Ni askari wa zamani kama wengine.

Uliza namba ya batalioni. Wazee wengi waliosahau jina la kamanda hawakusahau namba hii. Kwa Tanganyika sikiliza 6, 26, 36 na 46. Kwa Uganda 4, 34 na 44. Nyasaland, yaani Malawi ya leo, ilikuwa na 1, 2, 13 na 22, na Kenya ilikuwa na 3, 5 na 11 miongoni mwa nyingine. Lakini usimkatae Mkikuyu aliyesema alikuwa 36 kwa sababu 36 ilikuwa ya Tanganyika. Waruhiu Itote, aliyejulikana baadaye msituni, katika vita vya Mau Mau, kama Jenerali China, alikuwa wa 36 na alikwenda nayo Bama. Watu walipelekwa palipokuwa na pengo.

Mzee wa batalioni ya 6 aliyekuwa Abesinia (Ethiopia ya leo) mwaka 1941 huenda akakutajia Kolito, ambako Sajini Nigel Leakey wa batalioni hiyo aliuawa mwezi Mei akishambulia vifaru vya Waitaliano, akatunukiwa Victoria Cross baada ya kifo chake. Kambi ya Dar es Salaam, Lugalo ya leo, iliitwa Colito kwa ajili ya pigano lile. Wazee waliokaa kambini hapo baada ya vita nao walilijua jina hilo, kwa hiyo kulitaja tu hakutoshi. Uliza palikuwaje.

Nishani haina ulimi

Watu huja na nishani mkononi wakidhani kazi imekwisha. Igeuze uone. Nishani za Waingereza za vita ya kwanza zilichongwa namba, cheo, jina na kikosi kwenye ukingo. Hizo ni hazina, soma kwa lenzi na uandike kila herufi kama ilivyo hata kama jina limeharibiwa. Lakini nyota na medali za vita ya pili, walizopewa Keya kama walivyopewa Waingereza wenyewe, zilitolewa bila jina. Ukiona jina kwenye nyota ya Bama, yaelekea lilichongwa baadaye na mwenyewe au na fundi wa mtaani. Nyota yenyewe inaweza kuwa ya babu, ya jirani, au ya duka la vitu vya kale. Nishani ya Africa General Service yenye kijipande cha "Kenya", iliyotolewa kwa waliokuwa upande wa serikali wakati wa hali ya hatari ya miaka ya 1950, ina jina ukingoni.

Linganisha nishani na simulizi. Africa Star ilitolewa kwa waliokuwa Afrika ya Kaskazini, na pia Abesinia na Somalia hadi mwishoni mwa 1941. Aliyepigana Madagaska peke yake mwaka 1942 hakuistahili. Kwa hiyo mtu aliyeandikishwa 1943, akaenda Bama moja kwa moja, akawa na Africa Star kifuani, ana jambo la kueleza. Muulize kwa upole. Inawezekana ni ya kaka yake aliyekufa, na hiyo ni habari nyingine inayostahili kuandikwa.

Halafu kuna Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mwana wa askari mwenye cheo cha efendi, na alikuwemo vitani upande wa Wajerumani akiwa bado mtoto. Alifika Berlin mwishoni mwa miaka ya 1920 akadai mshahara wake na wa baba yake. Wizara ya Mambo ya Nje ikamwambia amechelewa. Mwaka 1934 akaomba nishani waliyopewa waliopigana mstari wa mbele, akakataliwa. Akaenda dukani akanunua nishani, akaivaa. Alikufa katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen mwezi Novemba 1944. Mhakiki anayetazama kifua tu angesema Husen ni tapeli, nishani ni ya kununua. Vita alikuwepo.

Karatasi, na ukimya wake

Karatasi bora kuliko zote ni hati ya kuachishwa jeshi. Ina namba ya jeshi, mara nyingi yenye herufi mbele, tarehe ya kuingia na kutoka, kikosi, na maelezo ya mwili: urefu, kovu, chale. Ukiipata, soma maelezo ya mwili kwanza. Kovu lililoandikwa 1942 halitoki. Kama mzee amefariki, uliza wajane na dada zake: alikuwa na alama wapi? Uliza kabla hujawaonyesha hati.

Jina ndilo sehemu dhaifu kuliko zote. Karani aliandika alichosikia. Mwita akawa Muita, Chacha akawa Jaja, mtu wa bara akapewa "bin" kwa sababu fomu ilitaka jina la baba. Wengine waliandikishwa kwa jina la kaka aliyekimbia, au kwa jina la kijiji cha chifu. Andika kila namna ya jina unayoweza kuifikiria, pamoja na jina la utani, ndipo uende kwenye orodha.

Kwa waliokufa vitani, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha inayotafutwa bure kwenye intaneti. Mnara wa Afrika Mashariki ulioko makaburi ya vita ya Nairobi, barabara ya Ngong, una majina ya wasio na kaburi. Wamo waliozama na meli ya Khedive Ismail, iliyopigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldives tarehe 12 Februari 1944 ikiwa imebeba wapiga mizinga wetu kutoka Mombasa kwenda Ceylon. Kama familia inasema babu "alizama baharini", anza hapo.

Kumbukumbu za kila siku za vikosi zimehifadhiwa katika hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Uingereza iliyoko Kew, London, katika makundi WO 169 na WO 172. Zitakuambia batalioni ilikuwa wapi siku gani, kwa hiyo ni nzuri kwa kupima simulizi, ingawa majina ya maofisa yamejaa humo na ya askari ni ya kuokoteza. Hifadhi ya nyaraka ya Nairobi na ile ya Dar es Salaam zina mafaili ya wilaya: barua za wajane waliodai malipo, orodha za waliorudi, malalamiko ya chifu. Humo ndimo nimeona watu wa kawaida wakitajwa kwa majina. Nenda na jina la wilaya ya zamani, kwa maana mipaka imehama.

Na usipopata kitu? Mwaka 2021 Tume hiyo ya makaburi ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakuandikwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa baada ya vita ya kwanza. Wapagazi ndio wengi. Kwa mpagazi, kukosekana kwa jina si ushahidi wa chochote. Hapo simulizi zinazokubaliana za watu wawili au watatu wasioshauriana, waliohojiwa mbalimbali, zina uzito kuliko faili tupu.

Mau Mau na Kagera

Mpiganaji wa Mau Mau aliyekuwa msituni Kenya miaka ya 1950 hakupewa hati ya kuachishwa na mtu. Huyo utamhakiki kwa kambi alizozuiliwa (Manyani, Mackinnon Road, Mwea, Hola), kwa waliofungwa naye, na kwa makovu ambayo daktari anaweza kuyaeleza. Ndivyo ilivyofanyika kwa wadai 5,228 ambao Uingereza ilikubali kuwalipa mwezi Juni 2013, jumla ya pauni milioni 19.9. Mafaili yaliyofichwa kwa miaka na kufichuliwa 2011 sasa yako Kew katika kundi la FCO 141. Tangu malipo yale, wamezuka watu wanaozunguka vijijini wakichangisha ada ya "kusajili majina ya London". Nitalisema wazi: anayeomba ada kwa bibi wa miaka 90 ili amtambue kama shujaa, mhakiki yeye kwanza.

Kwa vita ya Kagera kazi ni nyepesi, maana jeshi lipo na namba zipo. Uganda ilivamia Tanzania mwishoni mwa Oktoba 1978, Masaka ikaanguka Februari 1979, Kampala tarehe 11 Aprili. Pima simulizi kwa tarehe hizo. Ugumu uko kwa mgambo waliochukuliwa kutoka vijijini na kurudi kimya kimya. Huyo hana namba ya pensheni na wala hakuahidiwa. Mtafute mwenzake wa kijiji kile kile.

Unapoandika

Usiandike "kweli" au "uongo". Andika kile ulichokiona kwa macho, kile ulichoambiwa na nani, na kile ulichokikuta kwenye faili, kila kimoja mahali pake. Pale ambapo hukupata, andika "haijathibitishwa" na uweke nafasi tupu chini yake, kwa sababu mwaka ujao binamu fulani atafungua sanduku la bati na kutoa karatasi. Namba ya jeshi na picha ya hati visirushwe mitandaoni, maana waghushi husoma pia. Peleka ulichonacho kwa chama cha askari wa zamani: Tanzania kuna Tanzania Legion and Clubs, Kenya kuna DEFOCA, vyote vikiwa na uhusiano na shirika la askari wa zamani wa Jumuiya ya Madola lililoanzishwa 1921. Mjane atahitaji pia ushahidi wa ndoa, na kama ndoa ilikuwa ya kimila bila cheti, barua ya mtendaji au ya chifu pamoja na kiapo mbele ya wakili.

Nakala ya kwanza iache kwa familia, kabla ya ofisi yoyote. Na kama mzee mwenyewe bado yuko hai, usingoje kikao kijacho cha ukoo. Nenda wiki hii, umuulize walipanda meli wapi.